Kansala Wetu Hakufanya Kitu

Mkutano ulikwisha jua likishuka nyuma ya mikaratusi ya shule. Tulikuwa chini ya mwembe wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji: wanaume kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani, akina mama mikekani, vijana wameegemea pikipiki zao kando ya njia. Kansala wetu, yaani diwani wetu kwenye baraza la gombolola (eneo la utawala lililo chini ya wilaya), alikuwa amesimama mbele kwa muda mrefu, mkononi ana daftari la shule la kurasa 96, akisoma mwezi baada ya mwezi, kuanzia Julai 2023 mpaka Juni 2024. Alikwenda wapi. Alimwuliza nani. Alijibiwa nini. Mahali alipoandika "sikujibiwa" alisoma hivyohivyo, akafunua ukurasa mwingine.

Watu walipiga makofi ya heshima. Wazee wakapewa soda. Tukatawanyika.

Njiani nilifuatana na jirani yangu, mkulima wa mihogo, mtu mzima anayeheshimika kijijini, akisukuma baiskeli yake. Alinyamaza mpaka tulipofika njia panda, ndipo akasema kwa upole: "Yule mama ni mtu mzuri. Lakini tuseme ukweli, mwaka mzima hakufanya kitu."

Hakusema kwa chuki. Ndiyo maana maneno yale yamenikaa.

Wiki nyingi sasa niko nayo. Nayafikiria ofisini Busia nikijaza fomu za forodha, nayafikiria malori yakinguruma nje kwenye foleni, nayafikiria usiku. Pampu ya kijiji ilitengenezwa mwaka uleule. Jirani yangu anajua, maji anayokunywa yanatoka pale. Iweje basi mtu mwenye akili zake, asiye na kinyongo, aseme kwa moyo mweupe kwamba hakuna kilichofanyika?

Sitamtaja kansala kwa jina, wala gombolola yetu, wala wilaya. Hakuniomba nimwandike. Inatosha mjue kwamba tuko mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, ambako mkutano mmoja huwa na Wasamia, Wateso na Wapadhola, na Kiswahili ndicho kinachotukalisha pamoja.

Mkoba mwembamba

Alichaguliwa mwanzoni mwa 2021, kwenye uchaguzi ule wa wakati wa corona ambao mikutano ya hadhara ilipigwa marufuku. Alipita nyumba kwa nyumba, barakoa kidevuni. Kiti chake ni cha wanawake. Sheria inataka wanawake wasipungue theluthi moja ya baraza, na ili hesabu hiyo itimie, miluka (maeneo madogo yanayounda gombolola, kila moja lenye vijiji kadhaa) huunganishwa. Kwa hiyo diwani mwanamume aliyekaa pembeni yake ana muluka mmoja, naye anayo miwili. Njia ni mara mbili, misiba ni mara mbili, posho ya kikao ni ileile.

Na posho yenyewe inatoka wapi? Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 imeweka kikomo: malipo na posho za madiwani zisizidi asilimia 20 ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliotangulia. Penye soko kubwa na stendi ya magari, asilimia 20 ni kitu. Kwetu kuna soko la mara moja kwa wiki, leseni za maduka machache, ushuru wa ng'ombe, basi. Kodi ya kichwa ilisimamishwa 2005. Wazee bado wanasimulia jinsi wanaume walivyolala kwenye mafunjo ya bondeni kuwakimbia wakusanyaji, na sijakutana na hata mmoja anayetamani irudi. Ila ilipoondoka, mkoba wa gombolola ulikonda na haujanenepa tena.

Kinachokusanywa nacho kinagawanywa. Asilimia 35 inakwenda wilayani, 65 inabaki gombololani, na katika hiyo 65 robo yake inashuka vijijini. Mwenyekiti wetu wa LC1 alipotangaza fungu la kijiji siku ile, watu waliguna. Lisingetosha mabati ya choo cha shule. (Mwenyekiti mwenyewe tulimchagua Julai 2018 kwa kupanga mstari nyuma yake, uchaguzi wa kwanza wa vijiji baada ya miaka 17. Kipindi chake cha miaka 5 kilikwisha 2023, kikaongezwa, na shukrani anayopewa na serikali ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Huyo naye anastahili makala yake.)

Fedha kubwa zinatoka Kampala, na zinafika zikiwa zimeshapangiwa kazi. Za shule ni za shule, za barabara ni za barabara. Kansala hawezi kusimama akasema hizi za darasa tuzipeleke kisimani. Hana ufunguo wa sanduku lolote.

Alicho nacho ni haki ya kuuliza, haki ya kuziona karatasi, na wajibu wa kurudi kwetu kusema alichokiona. Wengi huuliza. Wachache huomba karatasi. Wanaorudi ni wachache zaidi.

Maji ya saa sita

Pampu yetu ni ya mkono, aina ya India Mark II iliyotapakaa Uganda nzima. Iliharibika polepole, na huo ndio ubaya wake. Ingekatika mnyororo siku moja, kila mtu angepiga kelele. Badala yake maji ya alfajiri yalianza kutoka ya rangi ya chai. Akina mama wakawa wanamwaga ndoo mbili tatu za kwanza, kisha yanang'aa kidogo. Maharage yaliyochemshwa kwa maji yale yaligeuka meusi. Mashati meupe ya watoto wa shule yakashika rangi ya udongo, walimu wakazoea. Waliochoka walirudi kwenye chemchemi ya bondeni, ambako ng'ombe nao hunywa.

Mabomba yalikuwa yanaliwa na kutu huko chini. Sote tulijua.

Kansala alilitaja jambo hilo kwenye kikao cha Agosti. Akaambiwa limepokelewa. Baraza hukutana angalau mara moja kila miezi 2, kwa hiyo Oktoba akauliza tena, akaambiwa limo kwenye mpango. Hapo angeweza kurudi kijijini kutuambia "limo kwenye mpango", nasi tungepiga makofi yaleyale ya heshima.

Yeye aliomba auone huo mpango.

Uliandikwa kwa Kiingereza, majedwali kurasa nyingi. Mama huyu aliishia darasa la saba, na sheria haimdai diwani wa gombolola cheti chochote. Kiingereza anakisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alizipiga picha zile kurasa kwa simu, akanitumia kwa WhatsApp, na Jumamosi jioni tukakaa nyumbani kwake tukizisoma chini ya taa ya sola, mjukuu wake akifukuza wadudu. Tulilitafuta jina la kijiji chetu kwenye orodha ya visima vya kukarabatiwa. Halikuwemo. Tukafungua orodha nyingine, ya hali ya vyanzo vya maji. Huko tuliliona. Mbele yake palikuwa pameandikwa kwamba kisima kinafanya kazi.

Nilipandwa na hasira. Nilisema kuna mtu amedanganya, kuna mtu amejaza fomu akiwa ofisini. Mama akatikisa kichwa. Mkaguzi alikuja, watu wanamkumbuka. Alifika kwa pikipiki, akapiga pampu, akaandika, akaondoka. Kisha mama akakaa kimya kidogo akiitazama simu, akaniuliza: "Alikuja saa ngapi?"

Saa sita mchana.

Saa sita pampu inakuwa imepigwa tangu alfajiri, na maji yameshajisafisha. Fomu iliuliza kama pampu inatoa maji. Ilikuwa inatoa. Yule kijana aliandika alichokiona kwa macho yake.

Ninaposema kipande hiki ndicho nilichokirudia zaidi kichwani, ni kwa sababu ya swali lile moja. Mimi nilikuwa natafuta mwizi. Yeye alikuwa anatafuta saa.

Hakwenda kulalamika. Alimpigia simu yule mkaguzi, msaidizi wa maji, akamwalika: aje jioni, alale, aamke na akina mama. Zilipigwa simu nyingi, siku zikaahirishwa, Krismasi ikapita. Januari akaja. Kuku alichinjwa. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, giza bado halijaondoka, walikuwa kisimani pamoja na wanawake wa zamu ya kwanza. Kijana akashika mpini mwenyewe. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akamulika kwa simu. Akatoa fomu mpya, akaijaza palepale juu ya tangi la pikipiki yake.

Robo ya mwisho ya mwaka wa fedha fundi alikuja na mabomba mapya, ya chuma kisichoshika kutu. Alipoyavuta yale ya zamani alilinyanyua moja kuelekea jua, na mwanga ukapenya kwenye matundu. Watoto walishangilia. Kijiji karibu chote kilikuwepo.

Kansala hakuwepo. Siku hiyo alikuwa kwenye muluka wake wa pili.

Je, ni yeye?

Nimejaribu kuwa mgumu kwenye swali hili, maana ni rahisi kumpenda mtu kisha ukampa sifa za mvua.

Nilimtafuta fundi. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, msimu ule alitengeneza pampu kadhaa, na baadhi ziko mahali ambapo hakuna diwani aliyewahi kufungua mdomo. La pili, sisi tuliingia kwa bahati: kisima kimoja kilichokuwa kwenye orodha kilikuwa kimeshatengenezwa na shirika la msaada, nafasi yake ikabaki wazi.

Kwa hiyo huenda pampu ingetengenezwa tu, mwaka huu au mwakani au mwaka wa baadaye. Sina namna ya kuupima mwaka ambao haukutokea, na sitajifanya ninayo.

Lakini kuna jambo moja ambalo sina wasiwasi nalo. Bila ule usiku wa Januari, karatasi ingeendelea kusema kisima kinafanya kazi, na orodha za matengenezo hutoka kwenye karatasi hizo. Bahati ilipopita, ililikuta jina letu limeandikwa mahali panapoonekana. Kuliweka jina pale ndiyo kazi aliyoifanya. Haina rangi, haipigwi picha, haina utepe wa kukatwa na mgeni rasmi. Fundi ana spana mkononi na sote tulimwona.

Shirika la ACODE la Kampala limekuwa tangu 2009 likiwapima madiwani wa wilaya kwa kadi ya alama, na wanachoangalia ni hiki: kutunga sheria, kuwasiliana na wapiga kura, kushiriki kwenye mabaraza ya ngazi za chini, kufuatilia huduma. Ile alama ya kufuatilia huduma naamini ndiyo moyo wa kazi nzima. Wa gombolola hawana kadi. Tunawapima sisi, na kipimo chetu kikubwa kinafanyika matangani.

Bahasha

Kila mazishi kuna wakati viongozi wanaitwa waseme. Kansala anasimama, anatoa pole, na macho yote yanashuka mkononi mwake. Ana miluka miwili. Zipo Jumamosi ambazo anakwenda makaburini mawili.

Kwenye daftari lake kuna kurasa ambazo hakuzisoma chini ya mwembe. Niliziona ile jioni ya taa ya sola wakati akitafuta kalamu. Misiba. Harusi. Ada ya mtoto wa fulani. Saruji ya kanisa, mikeka ya msikiti. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali usiku. Sikuuliza jumla, lakini najua hesabu kidogo, na jumla ile ilizidi posho zote alizopata kwa vikao. Zilizopungua alizikopa kwenye kikundi cha akiba cha akina mama, kile chenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kila ufunguo na mwanamke wake. Mwisho wa mwaka wenzake walipogawana akiba na faida, fungu lake liliishia kwenye deni.

Hili linaniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa.

Sitaki desturi ya kuchangia misiba ife. Wakati wa kumzika baba, watu wa kijiji hiki walinibeba, na yeye akiwemo, kabla hajawa kansala, na sufuria yake na kuni zake. Mchango ule ulikuwa wa jirani. Sasa tumemfanya alipe kwa cheo, na tunampangia kiwango. Mwaka unapokwisha ameishiwa nauli, na nauli ndiyo iliyokuwa ya kumpeleka kuuliza habari za pampu. Diwani mwenye akili ataona upesi kipi kinachompatia kura. Ataacha kuuliza, ataweka bahasha. Uchaguzi ukikaribia ataongeza sukari na sabuni, nasi tutapokea kwa mikono miwili, halafu tutakaa chini ya mwembe kushangaa kwa nini maji ni mekundu.

Tunamdai asichopewa. Alichopewa, hatumdai.

Milioni moja

Halafu ukaja mpango wa maendeleo wa miluka. Rais aliuzindua Kibuku tarehe 26 Februari 2022: kila muluka shilingi milioni 100 kwa mwaka, kila kaya iweze kukopa hadi milioni 1 kupitia SACCO ya muluka, riba asilimia 6 kwa mwaka. Kwetu hakuna mradi uliozungumzwa kuliko huo. Watu walimfuata kansala nyumbani kabla hajanawa uso. Wengi waliamini kwamba yeye ndiye anayeandika majina.

Haandiki yeye. Majina hutoka kwenye vikundi na hupita mikononi mwa SACCO. Alichofanya ni kuhudhuria yalipokuwa yakisomwa, na kusisitiza yabandikwe mlangoni pa ofisi ya muluka kila mtu asome. Ndipo ikaonekana kaya moja imo mara mbili, mume kwenye kikundi hiki, mke kwenye kile.

Alisimama akasema. Mmoja akaondolewa.

Hapa nakiri moyo wangu umegawanyika hadi leo. Kaya ile si ya matajiri. Walitaka kuunganisha mikopo miwili wanunue mtamba wa maziwa, na kwa hesabu zao walikuwa na haki ya kuota. Nilimwuliza kansala kama hakuona huruma. Akaniambia aliona, na alipofika nyumbani hakula. Lakini kulikuwa na mjane aliyekuwa akingoja nje ya orodha, na kaya ni moja. Mjane akaingia. Amenunua nguruwe. Ile familia nyingine haimsalimii kansala tena, na shemeji yake mwenyewe, ambaye alidhani atapitishwa kwa sababu ya undugu, alikata mguu nyumbani kwake mpaka Pasaka.

Kwenye daftari jambo hili lote lina mstari mmoja: "Orodha imebandikwa."

Kura aliyoshindwa

Mvua za Aprili zilikata njia inayounganisha miluka yake miwili. Hapo kuna kijito, magogo yaliyolazwa juu yake yalisombwa, na boda waliokuwa wakipita wakawa wanazunguka mbali. Gombolola ilikuwa na fedha za mstari mmoja wa kalavati. Sehemu tatu zilizitaka.

Alijenga hoja. Walipiga kura. Akashindwa.

Jumapili iliyofuata alisimama baada ya ibada akatueleza. Alisema kalavati zimekwenda upande wa pili wa gombolola. Alisema pia kwamba alikwenda kupaona, na wenzetu wa kule wanavuka maji ya kiunoni kupeleka watoto shule.

Nyuso zilibadilika. Watu walitaka aseme tumeonewa. Kama angesema hivyo angebebwa juu, maana hakuna kinachopendeza kijijini kama adui wa pamoja. Aliposema wale nao wana shida, ilikuwa kama amehamia kwao. Nadhani ndipo wengi walipoifunga hesabu yake ya mwaka, jirani yangu akiwa mmojawapo: njia haikupatikana, basi. Mengine yote yaliyokuja baadaye, fundi na mabomba na maji meupe, yaliingia kwenye hesabu ya serikali.

Nimejiuliza kama alipaswa kusema vile. Mwanasiasa mzoefu angemshauri anyamaze. Mimi, kadiri ninavyofikiri, naona ni siku ile alipokuwa kansala hasa. Ukishamwona mtu amekuambia ukweli unaomgharimu kura, utajua siku akikuambia "limo kwenye mpango" ni kwa sababu ameliona kwa macho.

Nilirudi kwa jirani

Nilimsimulia habari ya ule usiku wa Januari, ya mkaguzi na kuku na ndoo tatu. Alisikiliza mpaka mwisho akichambua mbegu za mahindi. Kisha akauliza: "Mbona hayo hakutuambia?"

Aliwaambia. Nilikuwa nimekaa karibu naye akisoma. "Januari: msaidizi wa maji alilala kwangu. Asubuhi tulikwenda kisimani." Sentensi mbili, kisha akaenda Februari: kuhesabu maboksi ya dawa yaliyoletwa kituo cha afya, yale ya kila miezi 2, kikao cha kamati ya shule kuhusu uji wa mchana, mgogoro wa mpaka wa shamba. Alisoma kila jambo kwa sauti ileile. Ambaye hakukaa chini ya ile taa ya sola asingeweza kujua lipi limezaa lipi.

Nililisema hili kwa kansala mwenyewe, kwamba asimulie, asiorodheshe tu. Akaniambia anaogopa kuonekana anajipigia ngoma. Namwelewa. Mwanamke akijisifu mbele ya wazee kwetu husemwa hadi kisimani. Hata hivyo sikubaliani naye, na nimemwambia. Tukijua kwamba kilichofungua mlango ni kumleta mkaguzi alfajiri, kesho tutaweza kufanya hivyo wenyewe, hata kama kiti hicho amekikalia mwingine. Tusipojua, tutangoja tena mtu mzuri apite.

Jirani yangu hakubadilika sana. Aliinua kichwa, akafikiri, akasema usiku ule ulikuwa wa akili. Akaongeza kwamba kalavati zingeweza kupatikana kama angepiga kelele zaidi.

Huenda.

Jambo moja kwa kila muluka

Bajeti ya mwaka ujao lazima baraza liipitishe kabla ya Mei 31, lakini vipaumbele vinakusanywa miezi mingi kabla, na anayekuja Mei anakuta meza imeshafutwa. Safari hii kansala ametuita mapema. Ametupa sharti: kila muluka ulete jambo moja, liandikwe na sababu yake, na majina ya watu watakaokuwa tayari kusimama mbele ya baraza kulithibitisha. Atalipeleka yeye, lakini watakaoulizwa ni sisi.

Tumeshakutana na hatujakubaliana. Vijana wa boda na wakulima wa miwa wanataka kalavati, na wana orodha ya majina tayari. Akina mama wengi wanataka nyumba ya mkunga pale kituo cha afya, kwa sababu sasa hivi mkunga amepanga chumba senta, na mama akishikwa na uchungu usiku lazima mtu atumwe na boda kumfuata, na wakati wa mvua boda ndiyo hizohizo zinazozunguka mbali kwa sababu ya kijito. Kila upande unatumia hoja ya mwenzake.

Mimi niko upande wa nyumba ya mkunga na nimeandikisha jina langu. Jirani yangu yuko upande wa kalavati, na sauti yake ni kubwa kuliko yangu. Ameanza kukaa kijitoni asubuhi na daftari, anahesabu watu wanaogeuza njia na saa wanayogeuza. Tunakutana tena Jumapili baada ya ibada, na kansala amesema hatakuja mpaka tuwe na jibu.